Manga, Anime au Tamthilia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu One Piece

Haya ni maswali ambayo wadogo zangu, majirani na marafiki hawachoki kuniuliza tangu tamthilia ya Netflix ilipotoka. Nimelinganisha zaidi sehemu ya mwanzo ya hadithi, ile ya bahari ya East Blue, kwa kuwa ndiyo inayoonekana tangu mwanzo hadi mwisho katika matoleo yote matatu. Kuanzia kundi la tatu natoboa siri za hadithi. Kama hujaiona na unataka kuionja mwenyewe, ishia kundi la pili kisha urudi baadaye.

## Ya kuanzia

One Piece ni nini, na kwa nini kuna matoleo matatu?

Ni hadithi ya Monkey D. Luffy, kijana ambaye mwili wake unavutika kama mpira baada ya kula Tunda la Shetani, na kwa sababu ya tunda hilohilo hawezi kuogelea. Anatoka kijijini kwao na mashua ndogo, hana baharia hata mmoja, akitafuta wenzake wa kusafiri nao mpaka aipate hazina iitwayo One Piece na awe Mfalme wa Maharamia. Kichwani ana kofia ya majani aliyoachiwa na haramia Shanks. Mimi kwa Kiswahili huiita kofia ya ukili, ingawa ya Luffy haikusukwa kwa miyaa.

Manga ndiyo mama. Eiichiro Oda alianza kuichora tarehe 22 Julai 1997 katika jarida la kila wiki la Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, na mpaka leo anaichora. Anime ilifuata tarehe 20 Oktoba 1999, ikitengenezwa na Toei Animation na kurushwa na Fuji TV. Tamthilia ya waigizaji ilitoka Netflix tarehe 31 Agosti 2023, ikiwa na vipindi 8 katika msimu wa kwanza.

Manga, anime, tamthilia: tofauti ni ipi kwa lugha nyepesi?

Manga ni michoro ya kusoma, nyeusi na nyeupe, inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Anime ni michoro hiyo ikitembea, yenye rangi na sauti. Tamthilia ni watu wa damu na nyama wakiigiza. Katika ukurasa huu, nikisema "tamthilia" nina maana ya ile ya Netflix tu.

Si katuni za watoto hizi?

Swali hili huulizwa na wazazi, na wana haki ya kuliuliza. Shonen Jump ni jarida lililolenga wavulana wanaobalehe, si watoto wa chekechea. Hadithi ina vichekesho vingi, pua ndefu na watu wenye miili ya ajabu, lakini pia ina njaa, utumwa, maofisa wanaokula rushwa na watoto wanaofiwa na walezi wao mbele ya macho yao. Tamthilia ndiyo kali kuliko zote kwa macho, kwa sababu damu ya mtu haifanani na wino.

Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuisoma vizuri. Mdogo zaidi ya hapo, kaeni naye, na mtashangaa atakavyouliza maswali ya maana kuhusu haki na dhuluma.

Nianze na ipi?

Jibu langu halijabadilika: soma manga walau mpaka mwisho wa mkasa wa Arlong Park, yaani sura ya 95, ndipo uangalie mengine. Hapo utakuwa umeikuta hadithi kwa mwendo alioutaka mwenyewe aliyeitunga. Kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa: sura ya manga inakula bando kidogo sana ukilinganisha na video, na unaweza kuisoma ndani ya daladala bila vipokea sauti.

Ila kama hujawahi kusoma manga na kurasa za kinyumenyume zinakuchosha, anza na tamthilia. Ni vipindi vinane tu, na ilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua lolote. Rafiki zangu wengi walioingia kwa mlango huo sasa wananisahihisha mimi. Anime ningeiweka ya tatu kwa anayeanza. Si mbaya hata kidogo. Ni ndefu tu, na urefu huo unataka mtu aliyekwisha kuipenda hadithi.

## Urefu na mwendo

Kwa nini anime ni ndefu kiasi hicho?

Kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini ilirushwa karibu kila wiki huku manga nayo ikiendelea kutoka kila wiki. Mwenye kuchora kwa kalamu akiugua au akipumzika, televisheni haisubiri. Toei hawakutaka kumpita Oda, kwa hiyo walivuta muda: macho yanakaziwa, watu wanakimbia uwanja uleule mara tatu, tukio la wiki iliyopita linarudiwa kwa dakika kadhaa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na watu wengi hawalijui hili. Zile sura 95 za kwanza zilitosha katika vipindi 44 hivi, yaani sura mbili kwa kipindi kimoja. Mwendo huo ni mzuri. Tatizo lilikua baadaye: mkasa wa Dressrosa una sura 102 za manga, nao ulichukua vipindi 118 vya anime. Yaani kipindi kizima kinabeba chini ya sura moja, na sura moja mtu anaisoma kwa dakika tano au sita.

Toei wenyewe wameona. Oktoba 2025 walitangaza kwamba kuanzia 2026 anime haitarushwa tena mwaka mzima, bali vipindi visivyozidi 26 kwa mwaka. Mimi nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Vipindi vya kujazia ni vipi, na niviruke?

Ni vipindi ambavyo havimo kwenye manga, vilivyotungwa na watu wa anime ili Oda apate kutangulia. Katika East Blue, kundi kubwa la namna hiyo linaanza kipindi cha 54, mkasa wa msichana Apis na joka. Ukiviruka hutapotea njia.

Lakini usiruke vyote kwa kufumba macho. Vipindi vya 196 hadi 206, ambamo Luffy na wenzake wanajikuta ndani ya ngome ya wanamaji, havimo kwenye manga na bado ni miongoni mwa vipindi ninavyovipenda. Mwandishi aliwajua wahusika, basi.

Msimu wa kwanza wa tamthilia unaishia wapi? Nimemaliza, nataka kuendelea.

Kwenye manga endelea na sura ya 96, iliyo katika juzuu ya 11. Kwenye anime endelea na kipindi cha 45. Hapo ndipo Luffy anapotangaziwa dau la kichwa chake kwa mara ya kwanza, Beri (fedha ya hadithi hii) milioni 30.

Hata hivyo nakusihi urudi mwanzo. Tamthilia imepitia sura 12 hivi kwa kila kipindi, kwa hiyo ulichokiona ni mifupa na baadhi ya nyama. Kundi linalofuata linaeleza kilichokatwa.

Na msimu wa pili?

Ulipangiwa tarehe 10 Machi 2026, nao unawaingiza mabaharia hawa katika bahari ya Grand Line, kuanzia Loguetown hadi kisiwa cha Drum, anakotokea daktari Chopper. Majibu ya ukurasa huu yanahusu msimu wa kwanza tu.

## Kilichobadilishwa (hapa siri zinatoboka)

Mbona kila toleo linaanza kivyake?

Manga inaanza na ukurasa mfupi wa Gold Roger, Mfalme wa Maharamia, akiuawa hadharani, kisha tunakwenda moja kwa moja kwa Luffy mtoto na Shanks kijijini. Sura nzima ya kwanza ni yao: kofia, tunda, mnyama wa baharini, mkono wa Shanks unaoliwa. Ukifika mwisho wa sura unajua kwa nini mtoto huyu atakwenda baharini na kwa nini kofia ile haiguswi.

Anime inaanza na Luffy mkubwa akiibuka ndani ya pipa, na habari za Shanks zinakuja kipindi cha nne. Hili silipendi. Tunamwona kijana anayelinda kofia kabla hatujaambiwa ya nani.

Tamthilia imechagua njia ya kati: Roger, pipa, kisha vipande vya utoto vinapachikwa katikati ya safari. Kwa kipindi cha saa moja ni uamuzi wa busara, kwa sababu mtazamaji mpya anahitaji kumwona mhusika mkuu mapema. Pia inawakutanisha Luffy na wenzake wa kwanza, Zoro mpiga upanga na Nami mwizi, pamoja katika ngome ya wanamaji ya Shells Town, wakati kwenye manga Nami anaingia baadaye, mjini Orange Town.

Garp ni nani, na mbona kwenye manga simwoni?

Utamwona, ila uwe na subira. Garp ni ofisa mkubwa wa wanamaji, babu yake Luffy. Kwenye manga siri hiyo inafichuliwa baada ya sura zaidi ya 400. Tamthilia inaitoa ndani ya msimu wa kwanza, na inamfanya Garp awafukuze mabaharia hao tangu mwanzo akiwa na vijana wawili, Koby na Helmeppo.

Safari ya Koby na Helmeppo haikubuniwa na Netflix. Oda aliisimulia kwa njia ya pekee: picha moja moja kwenye kurasa za kwanza za sura, bila mazungumzo marefu, wiki baada ya wiki. Msomaji anayefungua sura haraka huzipita. Watengenezaji wa tamthilia walizisoma kwa makini, wakazifanya uti wa pili wa hadithi. Kwangu mimi hili ndilo badiliko bora kuliko yote ya tamthilia. Limempa Luffy mfukuzaji mwenye sura ya mtu, na limempa Koby nafasi ya kukua mbele ya macho yetu.

Hasara ipo. Yule aliyesubiri miaka kujua Garp ni nani alipata mshtuko ambao mtazamaji wa Netflix hataupata kamwe.

Don Krieg amekwenda wapi?

Amekatwa karibu wote. Kwenye manga na anime, Krieg ndiye adui mkuu wa mkasa wa Baratie, ile hoteli inayoelea. Anafika na njaa, mpishi Sanji anamlisha, naye anageuka kutaka kuiteka meli iliyomlisha. Kwenye tamthilia anaonekana kidogo tu, mpiga upanga Mihawk anamshinda, na nafasi yake Baratie inachukuliwa na Arlong, haramia wa watu-samaki.

Naelewa sababu yake: Arlong ndiye adui wa msimu mzima, na ilibidi tumwogope kabla hatujafika kwake. Pia anapata nafasi ya kuzungumzia mapema dhuluma walizofanyiwa watu-samaki, jambo ambalo manga inalifungua baadaye sana. Lakini pamoja na Krieg kumepungua somo la Sanji. Kwenye manga anamlisha mwenye njaa akijua kabisa huenda mtu huyo atamdhuru, na anadhurika kweli, na hajuti. Tamthilia inasema Sanji halinyimi chakula tumbo lenye njaa. Manga inamfanya alipie msimamo huo.

Ni kweli Zeff alikula mguu wake mwenyewe?

Kwenye manga, ndiyo. Zeff, mpishi mkuu wa Baratie aliyemlea Sanji, na Sanji mdogo wamekwama juu ya mwamba katikati ya bahari kwa siku 85. Zeff anampa mtoto chakula chote kilichookolewa, na furushi kubwa analobaki nalo yeye ni la hazina tu, dhahabu isiyolika. Sanji anapokwenda kumwibia chakula ndipo anapogundua, na anaona mguu haupo.

Anime ilibadilisha: Zeff anaupoteza mguu majini akimwokoa Sanji meli ilipozama. Bado ni kujitoa, lakini si kulekule. Kisa cha manga kinahusu njaa, na mapishi yote ya Sanji baadaye yanatoka kwenye njaa hiyo.

Tamthilia ilirudi kwenye manga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema anime siku zote ndiyo iliyo karibu na kitabu. Hapa waigizaji walikuwa waaminifu kuliko michoro.

Kijiji cha Usopp mbona kimekuwa kama sinema ya kutisha?

Kwa sababu walikihamishia ndani ya nyumba. Kwenye manga vita vinapiganwa kwenye mteremko kati ya ufuo na kijiji, na Usopp anauzuia mteremko huo, huku watoto watatu wanaomfuata wakija kumsaidia. Tamthilia imewaacha watoto hao, imemwacha mlozaji Jango, na imemfungia haramia Kuro ndani ya jumba la giza la Kaya, rafiki tajiri wa Usopp, pamoja na watu anaowawinda. Merry, mtumishi mwaminifu, ananusurika kwenye manga. Kwenye tamthilia anauawa.

Kama kipindi cha televisheni kimefaulu, kinabana kifua. Kama hadithi ya Usopp kimepungukiwa. Usopp ni mwongo ambaye siku moja anasema kweli na hakuna anayemwamini, kisha anaamua kupigana ili asubuhi kijiji kiamke kikidhani alidanganya tena. Uamuzi huo unahitaji kijiji kilicholala usingizi pale nyuma yake. Jumba lenye milango iliyofungwa haliwezi kuubeba.

Nani wengine wameachwa?

Gaimon, yule mtu aliyenasa ndani ya kasha la hazina kwa miaka ishirini. Kisa cha mbwa Chouchou, anayelinda duka la chakula la marehemu bwana wake. Wote wawili wako kwenye manga na anime. Kisa cha mbwa ni kurasa chache tu. Visome.

Kilio cha Nami: toleo lipi limekifanya vizuri zaidi?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi mrefu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza kisa. Arlong alimuua Bellemere, mama aliyemlea Nami, akamchukua mtoto huyo amchoree ramani. Wakakubaliana: Nami akimpa Beri milioni 100, kijiji cha Cocoyasi kitakuwa huru. Nami anaiba kwa miaka minane. Anapokaribia kufikisha, Arlong anamtuma ofisa wa wanamaji aliyemnunua azitwae fedha zote.

Kwenye manga, Nojiko dada yake anajua siri tangu mwanzo. Wanakijiji nao wanajua, na hapa ndipo Oda alipouchoma moyo wangu. Walijua kwa miaka mingi, wakajifanya wanamchukia, ili siku akitaka kukimbia asijione amefungwa na matumaini yao. Walimnunia kwa mapenzi. Kila jicho baya aliloangaliwa Nami katika sura zilizopita linabadilika maana kwa ghafla, na unarudi kuzisoma upya.

Tamthilia imekiondoa hiki. Nojiko na kijiji wanaamini kweli kuwa Nami ni msaliti, mpaka ukweli unapofichuka. Inaleta ugomvi mzuri kati ya dada wawili, na waigizaji wameumudu, lakini kijiji kimebaki kuwa watu waliokosea tu. Kwenye manga walikuwa watu waliotoa sadaka. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote ya msimu wa kwanza, kubwa kuliko la Krieg.

Sasa kilio chenyewe, sura ya 81, kipindi cha 37 cha anime, kipindi cha 7 cha tamthilia. Nami anaichoma kwa kisu alama ya Arlong iliyo begani mwake. Luffy anaushika mkono wake. Anamfukuza, Luffy haondoki. Mwishowe anasema: Luffy, nisaidie. Luffy anamvisha kofia ambayo hajawahi kumvisha mtu, anapiga hatua chache, anapaza sauti kwamba bila shaka atamsaidia.

Manga ina nguvu ya ukimya. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Wewe mwenyewe ndiye unayeamua ukae muda gani kwenye kisanduku cha uso wake kabla hujafungua ukurasa, na mimi nilikaa muda mrefu. Anime ina sauti ya Akemi Okamura, na neno lile moja la kuomba msaada linatoka likiwa limevunjika. Mwendo wa kipindi hicho bado ni wa zamani, haujavutwa. Tamthilia ina uso wa Emily Rudd. Kuna jambo ambalo mchoro hauliwezi: mtu anapojaribu kutolia, misuli ya kidevu inatetemeka kabla ya machozi. Rudd amelipata hilo.

Ukinibana nichague, nachagua manga, kwa sababu ya wanakijiji. Kwa sekunde zile za mwisho pekee, nawapa anime.

Luffy kuvutika kama mpira hakuonekani ajabu kwa mtu wa kweli?

Kunaonekana ajabu kidogo, na tamthilia inajua, kwa hiyo inaupunguza mpira na kumwachia Iñaki Godoy, anayemwigiza Luffy, kazi ya kutabasamu. Kwenye kurasa za Oda kila kitu kinavutika, hata vicheko na machozi, na hivyo mkono wa mpira haushtui. Tamthilia imeuchukua ushindi wake mahali pengine, kama nielezavyo hapa chini.

## Waigizaji, sauti na mahali

Ni kweli ilipigwa Afrika?

Kweli. Msimu wa kwanza ulipigwa Afrika Kusini mwaka 2022, makao yakiwa studio za Cape Town. Merikebu ya Going Merry ilijengwa kweli, kwa mbao, na Baratie pia, ili waigizaji wapate sitaha ya kukanyaga. Ndiyo ushindi niliousema hapo juu. Unaona kamba zenye uzito, tanga linalojaa upepo, mlingoti ulioegemewa. Sisi tuliokulia karibu na majahazi tunaona mara moja chombo cha kweli na cha kubuni.

Waigizaji wa huko nao wamo: Celeste Loots aliyeigiza Kaya na Aidan Scott aliyeigiza Helmeppo ni wa Afrika Kusini.

Kwa nini Usopp ameigizwa na mtu mweusi? Walibadilisha?

Hawakubadilisha. Oda hujibu maswali ya wasomaji ndani ya juzuu zake, na katika juzuu ya 56 aliulizwa, kama wahusika wangekuwa wa dunia yetu wangetoka wapi. Alisema Luffy Brazil, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa, na Usopp Afrika. Alitaja bara zima badala ya nchi, na hilo tunaweza kulilalamikia. Lakini kumchagua Jacob Romero Gibson kulifuata neno la mtunzi, na Gibson amemfanya Usopp mtu wa kupendwa.

Luffy wa anime anaongea kwa sauti ya mwanamke?

Ndiyo, Mayumi Tanaka, tangu 1999. Japani ni kawaida wanawake kutoa sauti za wavulana. Ukiiangalia tamthilia kwa sauti za Kijapani utamsikia tena yeye, maana waliwaita watoa sauti wa anime waje kuwasemea waigizaji. Kwa mpenzi wa anime ni zawadi; kwa mara ya kwanza, hata hivyo, iangalie kwa Kiingereza chao wenyewe.

Muziki je?

Anime ina wimbo wa kwanza wa Hiroshi Kitadani, "We Are!", ambao hauzeeki. Tamthilia ina muziki wa Sonya Belousova na Giona Ostinelli, pamoja na wimbo "My Sails Are Set" ulioimbwa na AURORA. Vyote vizuri.

## Maswali ya pembeni

Oda aliyakubali mabadiliko ya tamthilia?

Alikuwa mmoja wa wasimamizi wakuu. Mwaka 2023 aliwaandikia wapenzi wa hadithi kwamba Netflix walikubali kutoizindua mpaka yeye aridhike. Kwa hiyo ukikasirishwa na kukatwa kwa Krieg au kijiji cha Nami, ujue aliyemtunga Krieg aliyaona hayo kabla yako. Bado unaruhusiwa kutokubaliana naye, kama mimi kwenye jibu la Nami.

Niliona anime ya zamani ambayo Sanji ana pipi mdomoni. Ni toleo gani hilo?

Ni la Kimarekani la kampuni ya 4Kids, lililoanza 2004. Sigara ya Sanji iligeuzwa pipi ya kijiti, silaha zikabadilishwa, na vipindi 143 vikabanwa kuwa 104. Usiihukumu anime kwa toleo hilo. Funimation walichukua kazi mwaka 2007.

Kuna anime nyingine mpya inayoanza upya?

Ndiyo, ilitangazwa Desemba 2023: inaitwa THE ONE PIECE, inatengenezwa na WIT Studio kwa ajili ya Netflix, nayo inarudi mwanzo, East Blue. Natumaini wataanza na Shanks (sababu iko katika jibu kuhusu mwanzo wa hadithi), na wamrudishie Zeff mguu wake, yaani wauondoe kwa namna ya manga.

Kuna One Piece kwa Kiswahili? Nitaipata wapi kwa halali?

Hakuna tafsiri rasmi ya Kiswahili, si ya manga wala ya anime wala ya tamthilia. Inaniuma, maana msamiati tunao: nahodha, sarahangi, merikebu, nanga, dhoruba, tufani. Lugha iliyozaliwa ufukweni isingepata shida na hadithi ya bahari.

Kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, manga ipo kwenye programu ya MANGA Plus ya Shueisha wenyewe, iliyozinduliwa Januari 2019. Sura tatu za kwanza na tatu za mwisho ni bure. Tamthilia iko Netflix. Anime inategemea nchi uliyopo, kwa hiyo angalia kwanza kabla hujalipia.

Bendera ya fuvu lenye kofia niliyoiona kwenye maandamano imetoka toleo lipi?

Asili yake ni manga. Mabaharia wanapopata merikebu yao, Luffy anaichora bendera vibaya mno, wote wanakataa, na Usopp, mwenye mkono wa kuchora, anaichora upya. Ndiyo hiyohiyo iliyopepea Indonesia Agosti 2025, Nepal Septemba, na kisha Antananarivo. Vijana wa Madagaska hawakuinakili ilivyo. Juu ya fuvu waliiondoa kofia ya majani, wakachora satroka, kofia ya kwao.